Nguzo Isiyo na Udongo

Baridi ya Januari ile pale Otter Falls, mji mdogo wa kaskazini, ilikuwa ya kumfanya mwenye masharubu aogope kucheka, maana yalivyoganda yangeweza kukatika. Sasa ilikuwa Machi, siku ya mkutano wa mwaka wa wananchi, na paa la ukumbi lilidondosha maji kama limefiwa. Ndani watu walikuwa wamevua makoti, na bado jasho liliwatoka kwa hasira.

Mpelelezi Verna Hautala alisimama nyuma kabisa, mgongo umeegemea mlango, pingu mfukoni. Agizo la Sherifu Lyle Norgaard lilikuwa fupi: mkutano ukifungwa, mchukue Reino Saarvala.

Reino alikaa safu ya tatu, mkulima wa miaka inayokaribia themanini, mikono juu ya magoti, viganja kama majembe mawili yaliyopumzishwa. Ijumaa asubuhi kibao cha SIMAMA kwenye njia panda ya Kinu hakikuwepo. Dereva wa lori la kokoto, mgeni wa sehemu zile, alipita moja kwa moja akaligonga gari la Carla Wiitala, nesi aliyekuwa anatoka zamu. Carla alikuwa amelazwa hospitali ya mjini Duluth na hajazinduka. Jumapili kibao kikakutwa kwenye banda la ng'ombe la Reino, na nguzo yake, chini ya nyasi kavu. Aliulizwa, akasema hana la kusema. Akaulizwa tena, akawakaribisha polisi kahawa.

"Ndugu zangu," alisema Curtis Bohlen, mwenyekiti wa halmashauri, nyundo yake ya mti mkononi. "Hoja iliyo mbele yetu ni nyumba mia mbili pale Kilima cha Halonen. Nyumba za vijana wetu. Tuendelee kila mwaka kusindikiza watoto wanaohamia mijini?"

"Na hao mia mbili watapita wapi?" alidakia mwanamke wa safu ya mbele. "Kwa helikopta?"

"Watapita njia panda ya Kinu, mama, kama unavyopita wewe."

"Mimi napita nikiomba Mungu!"

Ukumbi ukacheka, lakini kicheko kifupi. Mwingine akauliza kuhusu bomba la majitaka, kwamba lililopo linazidiwa kila Jumamosi, siku ambayo mji mzima uko sauna, kwenye bafu za mvuke. Bohlen akalijibu hilo kwa ufundi. Kisha akashusha sauti.

"Najua mnachokiogopa. Carla. Sote tunamwombea. Lakini barabara ile haina kosa. Kibao kilikuwepo, na mtu akakitoa. Mtu asiyetaka nyumba zijengwe, akaona bora atutishe. Sitamtaja, polisi wapo. Ila tusinyime vijana nyumba kwa sababu ya mkono wa mhalifu mmoja."

Vichwa vikageuka safu ya tatu, kimoja kimoja, halafu vyote. Reino hakutikisika. Alikuwa amezipinga nyumba zile tangu vuli, kila kikao, kwa sauti inayosikika hadi ng'ambo ya ziwa.

"Tunywe kahawa kwanza," alisema Sylvi Raatikka, karani wa mji, "kabla hamjaumizana." Pale hapapigwi kura kabla ya kahawa na mkate wa iliki, hata kama ukumbi unawaka moto. Bohlen akagonga nyundo.

Verna hakwenda kwenye kahawa. Alitoka kwa mlango wa nyuma akaingia banda la gari la zimamoto, ambalo halina kipasha joto. Ndipo alipokuwa ameihifadhi ile nguzo. Aliiona mara moja tu, Jumapili, na kuna kitu kilimkera tangu siku hiyo.

Aliwasha tochi akapiga magoti.

Hoja ya sherifu ilikuwa kwamba Reino aling'oa nguzo kwa trekta na mnyororo. Nguzo ya chuma iliyofungwa mnyororo huchubuka rangi. Hii haikuwa na mchubuko. Na udongo wa Otter Falls ni mfinyanzi mwekundu. Ukiingia kwenye viatu vyako leo, utazikwa nao. Verna alipitisha kidole kuanzia chini kwenda juu. Hakuna udongo, hata kwenye tundu za misumari.

Kulikuwa na barafu. Bonge zima lilikuwa limekumbatia mguu wa nguzo, na nyasi za banda zilikuwa zimelitunza lisiyeyuke. Halikuwa la barafu nyeupe ya theluji iliyokanyagwa. Lilikuwa angavu, la tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na kitu cha rangi ya mahindi. Alikwangua kwa ukucha, akanusa.

Vumbi la mbao.

Kila mtu wa kule anajua kumwaga maji penye baridi. Ndivyo wanavyosimika vibanda vyao vya kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda: unamwaga maji kwenye miguu ya kibanda, yanaganda, na upepo uje na majeshi yake yote, kibanda hakiendi popote. Lakini vumbi la mbao si la kila mtu. Ukilichanganya, barafu hukaza kama mfupa. Na ziwani pale mtu anayejulikana kwa vumbi la mbao ni mmoja. Walikuwa wanasema kibanda chake kiliwahi kung'olewa kwa baruti mwezi wa Mei, na ziwa likaondoka nacho.

"Umeona?" Sherifu Norgaard alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha mkate mdomoni. "Nini hicho?"

"Vumbi la mbao."

"Mtindo wa Reino." Sherifu akameza. "Basi tumemaliza. Mzee kajipigia saini mwenyewe."

"Lyle, mtu anayeiba kibao anakimwagia maji ya nini?"

"Sijui. Kamuulize. Mkutano ukifungwa, namtaka garini."

Jikoni mwa ukumbi Reino alikuwa peke yake. Watu walikuwa wamemwachia jiko zima, kama mtu mwenye surua. Alikuwa anamimina kahawa kwenye kisosi, anavuta taratibu.

"Mzee Reino."

"Mama mpelelezi. Mkate upo, ila Sylvi kabana iliki mwaka huu."

"Nguzo haikuwahi kuwa ardhini."

Reino akavuta kahawa.

"Mguuni ina barafu ya kumwagwa. Tabaka kwa tabaka, na vumbi la mbao katikati."

Kisosi kikasimama njiani. Halafu kikarudi mezani.

"Uliiona barafu Jumapili, polisi walipoitoa nguzo," alisema Verna. "Ndipo uliponyamaza. Kabla ya hapo ulikuwa unawatukana askari wangu vizuri tu."

"Kahawa inapoa."

"Nani mwingine ulimfundisha kufanya hivi?"

"Unajua, binti," alisema Reino, na mara hii hakumtazama, "mimi ni mzee. Gerezani kuna joto, chakula ni bure, na hakuna ng'ombe wa kukamua alfajiri. Nichukue tukapumzike."

"Sikuja kukupumzisha."

"Basi huna kazi na mimi."

Verna aliondoka. Kwenda njia panda ya Kinu kwa gari ni umbali wa kumaliza wimbo mmoja redioni. Alisimamisha gari pembeni, taa za hatari zikiwaka. Kibao cha akiba chenye miguu ya kukunja kilikuwa kimesimamishwa mahali pa kile cha zamani, kinatikiswa na kila lori.

Kingo za theluji zilizosukumwa na greda tangu Desemba zilikuwa zimenywea, nyeusi kwa mchanga. Kwenye ukingo wa kona aliona shimo, mviringo, la kuingia ndoo. Alipiga magoti akaingiza mkono hadi begani. Chini kabisa vidole viligusa majani ya mwaka jana, yamelala yote upande mmoja, hayajaguswa. Ardhi ilikuwa nzima. Nguzo ilikuwa imesimama juu ya ardhi, imeshikwa na theluji na barafu peke yake.

Akatembea kando ya mtaro akichomachoma theluji kwa fimbo, hadi fimbo ikagonga chuma. Kilikuwa kisiki cha nguzo ya zamani, kimekatika usawa wa kifundo cha mguu, na kwenye mkato kuna rangi ya chungwa. Bawa la greda la mji, lile bati la kusukumia theluji, lilikuwa la rangi ya chungwa.

Kwa hiyo kulikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza greda liliikata katikati ya baridi, wakati ardhi imekuwa jiwe na hakuna wa kuchimba. Ya pili mtu aliisimika kwenye ukingo wa theluji, akaimwagia maji kama kibanda cha ziwani. Ikasimama imara kuliko kanisa, hadi joto lilipokuja. Halafu ikalala yenyewe.

Mwizi hasimiki. Anayesimika ni mtu wa barabara.

Lori la mji lilikuja likipunguza mwendo nyuma yake. Duane Kestila, msimamizi wa barabara, aliteremka na koleo. Mtu mnene, mcheshi siku zote. Siku hiyo hakuwa na utani hata mmoja. Mama yake alikuwa dada wa Reino.

"Umeharibikiwa na gari, afande?"

"Njoo uone kisiki hiki, Duane."

Hakusogea. "Visiki viko vingi."

"Hiki kina rangi ya greda lako."

"Theluji ikiwa nyingi huoni kitu. Hata wewe ungegonga."

"Silaumu. Ulipoigonga, ulifanyaje?"

"Niliomba halmashauri wakodi mashine ya mvuke ya kuyeyusha ardhi. Curtis akasema tusubiri majira ya kuchipua."

"Na njia panda ikae bila kibao?"

"Ningeiachaje hivyo?" Duane alipandisha sauti. "Watoto wa shule wanapita hapa! Nikafanya ninavyojua..." Akatazama koleo lake. Maji ya mtaroni yakasikika.

"Ukamwaga maji."

"Ilishika, Verna. Nilining'inia kwa uzito wangu wote, na unauona uzito wenyewe. Ilishika."

"Vibanda vya ziwani sheria inatutaka tuviondoe kabla barafu haijalegea. Kila Machi mnakumbushana. Hiki hamkukikumbuka?"

Duane alichoma koleo kwenye theluji. "Vibanda viko ziwani," alisema. "Hapa ni barabarani. Sikufikiria kama ni barafu. Nilikiona ni kibao."

"Ijumaa ulifika wa kwanza kumwaga mchanga, kabla ya gari la wagonjwa. Kilikuwa wapi?"

"Hakikuwepo."

"Duane."

"Nimesema hakikuwepo."

"Mkutano ukifungwa namfunga mjomba wako pingu. Carla akifariki, kesi ni ya mauaji."

"Mjomba hajafanya kitu!" alisema Duane, haraka kuliko alivyokusudia.

"Basi nani?"

Duane akapanda lori akageuza katikati ya barabara. Mchanga ulimwagika, mlango bado uko wazi.

Verna aliporudi ukumbini, mabishano yalikuwa yamefika mwisho wake, pale ambapo kila mtu ameshasema na sasa anarudia kwa sauti kubwa zaidi. Duane alikuwa amesimama ukutani kando ya radieta ya kupashia joto, kofia mkononi. Bohlen alikuwa anamtazama.

"Walioomba kusema wamebaki?" aliuliza Bohlen.

"Mmoja," alisema Sylvi. "Saarvala."

Minong'ono ikapita. Verna akapenya kati ya viti, akachuchumaa nyuma ya bega la Reino.

"Nimetoka njia panda, mzee," alimnong'oneza. "Najua nani alisimika. Unaweza kwenda jela kwa niaba yake, sitakuzuia, umri ni wako. Lakini wanakwenda kupiga kura kwamba barabara ile haina kosa. Familia mia mbili zitapita pale juu ya ukimya wako."

Reino hakugeuka. Kidevu chake kilisogea mara mbili, kama anatafuna kitu kigumu.

"Mzee Reino," alisema Bohlen, "kwa hali ilivyo, labda wakili wako angekushauri..."

"Sina wakili. Nina dakika zangu tatu, kama kila mtu." Reino aliinuka. "Nampa mpwa wangu Duane. Aseme yeye."

"Haiwezekani," alisema Bohlen upesi. "Duane ni mfanyakazi wa halmashauri."

"Ni mkazi," alisema Sylvi bila kuinua macho kutoka kwenye saa yake. "Analipa kodi na anachelewa kulipa kama wewe. Mkazi anaweza kupewa dakika za mkazi. Duane, zinakwenda."

Duane alikuwa mweupe kama shati. "Mjomba, usinifanyie hivi."

"Nimekufanyia kingine tangu Jumapili," alisema Reino. "Hicho ndicho kilikuwa kibaya. Sema."

Duane akaja mbele. Aliikunja ile kofia hadi ikawa kama kamba.

"Kibao hakikuibwa," alisema. "Nilikisimamisha mimi Januari, kwenye theluji, kwa barafu. Ijumaa nilipofika kilikuwa mtaroni, kimelala kifudifudi. Kilianguka chenyewe. Carla alikuwa bado ndani ya gari. Nilimshika mkono mpaka nikasikia king'ora kinakuja. Halafu nikakichukua, nikakitupa nyuma ya lori, nikakifunika turubai."

"Ee Mungu," alisema yule mwanamke wa mbele.

"Nilikipeleka banda la mjomba kwa sababu lilikuwa njiani na halina kufuli. Mjomba hakujua. Nilitaka nikirudishe, nikaeleze. Saa sita mchana nikaenda kumweleza bosi wangu." Akageuka. "Nilikwambia, Curtis. Siku ile ile. Nilikwambia kimeanguka chenyewe na nilikwambia kilipo."

Nyundo ikagonga meza. "Muda umekwisha!"

"Haujaisha," alisema Sylvi.

"Ukasema, tulia, kura ipite kwanza, halafu tutaona," alisema Duane. "Ukasema hata hivyo Carla hawezi kupona haraka kwa sababu ya maneno."

Mtu wa nyuma alisukuma kiti kikaanguka. Bohlen alinyoosha mikono. "Ndugu zangu, mtu amechanganyikiwa, ana hatia, anatafuta wa kugawana naye. Mimi ningejuaje habari za banda la ng'ombe?"

Verna alisogea hadi kwenye meza ya halmashauri. Hakuwa mkazi wa mji ule, hakuwa na dakika hata moja, lakini hakuna aliyemkumbusha.

"Jumapili ofisi yetu ilipigiwa simu na mtu asiyejitaja," alisema. "Alisema kibao kiko kwa Saarvala, chini ya nyasi, upande wa ndama. Reino hakujua. Duane, upande wa ndama ulimtajia nani?"

"Mmoja tu."

"Mke wako?"

"Mke wangu nilimficha. Nilimwambia Curtis tu."

Bohlen alitazama wajumbe wenzake kulia, akatazama kushoto. Wote walikuwa wameona kitu cha kuvutia sana kwenye sakafu.

"Nilikuwa naulinda mji huu," alisema mwishowe. "Mngeikataa hoja kwa sababu ya bonge la barafu. Mia mbili! Shule isingefungwa!"

"Na mzee angeozea jela," alisema yule mwanamke.

"Asingefungwa, umri ule... Wangemwachia."

Sylvi aliinuka, akaichukua nyundo mezani mbele ya Bohlen, bila ugomvi, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu cha siagi. "Kuna hoja ya kuahirisha nyumba hadi njia panda ya Kinu ijengwe upya," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ameitoa. "Wanaounga mkono?"

Mikono iliyopanda ilizuia mwanga wa madirisha. Sherifu Norgaard, ambaye alikuwa mlangoni tangu dakika za Duane zianze, alikuja akamshika Bohlen kiwiko na kumwomba waende wakazungumze nje.

Duane aliwahi kumfikia Verna kabla Verna hajamfikia. Alinyoosha mikono yote miwili mbele.

"Shusha," alisema Verna. "Unatembea mwenyewe."

Nje jua lilikuwa linamulika madimbwi. Watu walitoka wakasimama kwenye ngazi. Verna alimfungulia Duane mlango wa nyuma, akazunguka, akakaa kwenye usukani. Mlango wa pili wa nyuma ukafunguliwa. Reino akaingia, akafunga, akavuta mkanda.

"Mzee, wewe hukamatwi."

"Najua."

"Nyumbani ng'ombe wanakusubiri."

"Nao wana subira kuliko watu." Aliweka kile kiganja chake kikubwa juu ya goti la mpwa wake, akakiacha hapo. "Pitia Duluth kwanza. Kuna mtu hospitalini ambaye huyu anataka kukaa naye kidogo, hata kama hasikii."

Verna aliwatazama wote wawili kwenye kioo. Sheria ilisema kituoni, moja kwa moja.

Akawasha gari, akashika njia ya Duluth.